Kipa Aliyekimbia Nazi

Siku ile sijaisahau, mwanangu, na wala sitaki kuisahau, maana waliotenda yale wengine bado wanatembea hapa Kakuyuni wakisalimiwa kwa heshima. Ilikuwa Jumapili jioni, miaka ya themanini, nami nimesimama golini na jezi ya kijani iliyonifika magotini. Tuko sare na Magarini, bao moja kwa moja, dakika zimebaki kidogo. Wanapiga kona. Mpira unapaa, unanijia juu taratibu kabisa, mpira wa kudakwa hata na bibi yako. Naufuata kwa macho, mikono nimeshaitayarisha. Mara nasikia sauti nene ya kepteni wao, Mwaringa:

"Nazi!"

Nikainamisha kichwa. Nikakifunika kwa mikono miwili, nikarudi nyuma mbio, mgongo ukagonga mlingoti. Mpira ukadunda pale pale nilipokuwa nimesimama, ukaingia golini wenyewe bila kuguswa na mtu.

Uwanja mzima ulicheka. Na watu wetu pia walicheka, nawajua mmoja mmoja. Kina mama waliokuwa wakiuza viazi vya karai waliacha karai zao waje kumwona kipa aliyekimbia mpira. Mwaringa alinipita akaniambia, "Pole Kazungu, hiyo ilikuwa imekomaa."

Ngoja nikueleze, usije ukadhani nilikuwa punguani. Baba yangu, Mzee Charo, alikuwa mkwezi. Yeye hupanda mnazi kwa vidato vilivyokatwa shinani mpaka juu, sisi wanawe tuko chini tunakusanya. Kabla hajaangusha, huita "Nazi!" Nawe ukisikia, hutazami juu. Unainama, unafunika kichwa, unarudi nyuma. Haya nilifundishwa kwa makofi tangu sijaota meno ya pili. Kaka yangu Karisa alitazama juu mara moja tu, na hadi leo ana jicho moja. Kwa hiyo neno lile halikupitia akilini mwangu. Lilikwenda moja kwa moja miguuni.

Na ukipa niliupataje? Niliupata kwa nazi hizo hizo. Tukipakia lori, tulikuwa tunarushiana mkono kwa mkono, na mimi sikuwa naangusha hata moja. Siku moja akapita mtu na baiskeli, akasimama, akatazama weee, mwisho akaniita. Huyo ndiye Kocha Famau. Alikuwa Mbajuni, watu wake walitoka visiwani wakahamia Malindi, na kazi yake ilikuwa kuoka mikate ya mofa. Alfajiri yuko tanurini, jioni mara tatu kwa wiki anapanda baiskeli mpaka Kakuyuni kutufundisha mpira. Hakuna aliyemtuma. Alikuwa na kipara, kikapu, na maneno machache.

Sasa Mwaringa alijuaje habari ya nazi? Nitamtaja mtu, maana naye alinitaja. Chengo. Kipa wetu wa pili, mpwa wa mwenyekiti wetu Bwana Nyale. Siku moja mazoezini watoto walikuwa wakikusanya nazi shamba la jirani, likaitwa neno lile, nami nikainama. Wenzangu walicheka wakasahau. Chengo alicheka akaliweka akilini. Na dada yake Mwaringa ndiye aliyekuwa mkewe Chengo. Hesabu hiyo imalize mwenyewe.

Baada ya mchezo Nyale alikuja na bakora yake, akasema mbele ya watu wote: "Tuna mchezo wa marudiano kule Magarini. Likiingia goli moja tena kama hili, Kazungu arudi kwenye minazi, na wewe Famau urudi kwenye tanuri lako. Timu nitampa mtu mwingine."

Famau alimjibu, "Nimesikia, Mwenyekiti," akapanda baiskeli yake. Mimi nililia, mwanangu. Sikuwa mtoto, nilikuwa na ndevu. Shule niliiacha darasa la nne, na katika dunia hii nilikuwa najua vitu viwili tu: nazi na kudaka. Sasa kimoja kilikuwa kinakula kingine.

Kesho yake asubuhi baba yuko juu ya mnazi, tukasikia, "Hodi, wenyewe!"

"Karibu!" baba akajibu kutoka juu. "Lakini usikaribie!"

Famau alichuchumaa kando ya kifuo, ule mti uliochongoka wa kufulia nazi, akakaa asubuhi nzima. Alikuwa akitazama juu, akitazama chini. Mwisho akauliza, "Mzee Charo, huyu mwanao amefundishwa na nani kukimbia?"

"Na mimi!"

"Umemfundisha vyema sana."

Baba akafurahi huko juu, nikasikia akicheka. Kisha Famau akamwuliza tena, "Na weye ukishasema 'Nazi', mbona weye huinami?"

"Niiname niende wapi?" baba akasema. "Mimi si ndiye ninayeiangusha?"

Famau akajipiga paja. Akasimama, macho yanawaka kama mtu aliyeokota kitu alichopoteza zamani. "Umesikia, Kazungu? Umesikia babako alivyosema? Hapa anayeitiwa ndiye anayekimbia. Anayeita hakimbii. Weye pale golini unakaa kungoja kuitiwa. Kuanzia leo weye ndiye mwenye kuita. Mpira ukipaa tu, kabla mtu hajafungua kinywa, sema 'Yangu!' Na uiseme kwa sauti ya babako, si hiyo ya kuomba maji."

Nataka uone jambo hapa, mwanangu. Hakuniambia "usiogope". Wote walikuwa wameshaniambia usiogope, na Nyale akanitukana juu ya hapo. Famau alikuja kwanza kutazama nilikofundishwa kuogopa, na hakumdharau aliyenifundisha.

Kisha akaeleza anachotaka, baba nusura aanguke kwa hasira. "Miaka yote nimempiga makofi akimbie, leo nimwangushie kichwani? Unataka kuniulia mwanangu kwa ajili ya mpira wa ngozi?"

"Si nazi, mzee. Makumbi matupu, maganda tu. Na mimi nitasimama wa kwanza."

Akavua kofia, akasimama chini ya mnazi. Baba akaita, "Nazi!" akaachilia kumbi. Famau akaita, "Yangu!" akaenda mbele, mikono juu, na kumbi likampiga puani pah! Baba alicheka mpaka tukaogopa ataachia mnazi. Famau pua imevimba, machozi yanamtoka, akasema, "Si kitu. Nimekosea hatua moja. Tena!" La pili likampiga begani. La tatu akalidaka, akaruka kama mtoto siku ya Idi!

Hapo ndipo moyo wangu ulipomfuata mtu yule. Mtu mzima, mwenye wake zake wawili na tanuri lake, anakosea mbele yangu bila haya ili nami nisione haya kukosea.

Siku ya kwanza sikudaka hata moja. Baba akiita, miguu yangu inaondoka na mimi juu yake. Siku ya nne niliweza kusimama bila kurudi nyuma. Wiki ya pili nikawa nasema "Yangu!" huku nimefumba macho. Halafu asubuhi moja, sijui hata ilikuwaje, baba hajamaliza neno lake nami nimeshaita, nimeshaondoka, kumbi liko mikononi. Baba akachungulia chini. Halafu akasema polepole, "Huyu sasa ananipigia kelele mimi." Famau aliniwekea mkate mmoja wa mofa mkononi, bado una moto.

Magarini tulikwenda na lori la mchanga. Watu walikuwa wengi, na habari ilikuwa imeenea, kwa sababu kila mpira ukipanda uwanja mzima ulikuwa unaita, "Naziii!" Wake kwa waume! Mpaka mzee mmoja mlemavu wa miguu alikuwa anaita kutoka kwenye kigari chake. Tuko mbele bao moja. Nyale amesimama kando ya uwanja, na pembeni yake Chengo amevaa glavu tayari, hata hajaambiwa.

Dakika za mwisho, kona. Mwaringa akasimama mbele ya uso wangu, ananitabasamia. Mpira ukapaa. Nikaona kifua chake kinajaa pumzi.

"YANGU!"

Niliita mimi kabla yake! Sauti ile haikuwa yangu, ilikuwa ya Mzee Charo, ya mtu aliye juu ya mnazi mrefu. Watu mia waliita "Nazi" nyuma yangu, nami sikuwa na habari nao, nilikuwa hewani, goti langu liko begani kwa Mwaringa, na mpira umelala mikononi kama kifaranga. Nikaanguka nao nikaukumbatia. Refa akapuliza mwisho. Famau alikuja mbio na kikapu chake kichwani, sijui kwa nini kichwani, anapiga kelele kwa Kibajuni. Mwaringa, nimpe haki yake, alinishika mkono akasema, "Bwana wee, leo ilikuwa mbichi."

Laiti habari ingeishia hapo.

Mvua za mwaka, zile za masika, zilipokuja, baba alikuwa na homa. Bwana Nyale akanituma nipande katika shamba lake. Mnazi ulikuwa unatiririka maji, vidato vina utelezi. Nikamwambia tungoje jua. Akasema, "Lori limeshafika. Unaogopa nini, si wewe shujaa wa Magarini?" Nikapanda. Jina lake ni Nyale, nimelitaja na nitalitaja tena. Chini alikuwepo Chengo anakusanya. Nilipoteleza sikuita neno lolote. Chengo alikuwa ametazama juu, akaniona nikija.

Nyonga ilivunjika, na paja. Nilifungwa mguu kwa miezi, na ulipofunguliwa ulikuwa mfupi kuliko mwenzake, hivyo unavyouona. Nyale hakuja kunitazama. Aliwaambia watu kwamba nilipanda nimelewa. Sikuwa nimeonja tone.

Famau alikuja kila Ijumaa baada ya sala, na mkate. Anakaa, tunakula, anakwenda. Ijumaa moja akasema, "Chengo anainama."

"Anainama vipi?"

"Kama weye. Mpira ukija juu, anafunika kichwa, anarudi nyuma. Tangu siku ile alipokuona ukianguka."

Nilicheka, mwanangu. Tangu nianguke sikuwa nimecheka, na siku hiyo nilicheka mpaka mama akaja kutazama. Famau aliningoja nimalize.

"Tuna mchezo Kibarani, kule Kilifi," akasema. "Nataka umfundishe."

"Nimfundishe Chengo? Kocha, ndiye aliyeniuza kwa Mwaringa!"

"Najua."

"Unajua?"

"Tangu jioni ile ile. Lakini ndiye kipa aliyebaki. Kazungu, mimi niliijua hofu hiyo kwa kutazama asubuhi moja na kupigwa pua. Weye umeishi ndani yake. Nilichonacho mimi kinaishia hapo, na weye unaanzia hapo."

"Sitaki."

"Haya," akasema, akaniachia mkate.

Basi Jumanne nikachukua magongo yangu nikaenda uwanjani. Nisikudanganye kwamba nilikwenda kwa wema. Nilikwenda kumwona Chengo akiinama. Nikaketi nyuma ya goli, juu ya kipande cha gogo, nimetulia kama niko harusini. Ukapigwa mpira wa juu. Chengo akainama, ukaingia. Nikacheka. Ukapigwa wa pili. Nikacheka. Wa tatu, nikaona kitu. Mguu wake wa kushoto ulikuwa unarudi nyuma kabla mpira haujapigwa. Kabla kabisa! Nami nikaujua mguu ule. Niliujua kutoka ndani, hata kabla yeye hajaujua. Kinywa changu kikafunguka chenyewe:

"Wewe! Mguu! Umeshaondoka na mpira bado uko chini! Unakimbia nini?"

Chengo akageuka, akaniona, uso ukamshuka. "Kazungu..."

"Usinitazame mimi, tazama mbele. Nani anaita hapo?"

"Hakuna anayeita."

"Basi ita wewe!"

Famau alikuwa upande wa pili wa uwanja. Akageuka akajifanya anatia upepo mpira. Yule mtu alikuwa mjanja!

Kuanzia siku ile nilikwenda kila jioni. Nilimpeleka Chengo kwenye mnazi wa kwetu, nikamwomba baba amwangushie makumbi. Baba akauliza, "Huyu? Huyu nitamwangushia nazi zenyewe." Lakini alipanda, na yalikuwa makumbi, isipokuwa yale mazito ndiyo aliyokuwa akiyachagua. Mimi nilikuwa kwenye kigoda. Na siku ya kwanza, kabla Chengo hajasimama, nilisimama mimi kwa gongo moja, nikaita "Yangu!", nikakosa, likanipiga puani, nikakaa chini pwaa. Chengo alitaka kucheka akaogopa. Nikamwambia, "Cheka tu. Nimekosea hatua moja." Niliposema hivyo nikasikia ni maneno ya nani.

Jioni moja, katikati ya mazoezi, nikamwuliza, "Chengo, ni wewe uliyemwambia Mwaringa?"

Akaligeuzageuza kumbi lake mkononi. "Ndimi, Kazungu. Mjomba Nyale aliniahidi nafasi ya golini."

"Nilijua. Haya, simama. Tena."

Hatukulizungumza tena. Sijamsamehe, nakwambia kweli, hata leo tukikutana sokoni namjibu salamu nusu. Lakini hakuna kitu nilichopewa na Famau ambacho nilimficha Chengo. Hata kimoja.

Kibarani nilisimama nyuma ya goli na magongo yangu. Tuko mbele bao moja, Kilifi nzima imekuja, na ikapigwa kona kama ile ile, mpira wa juu, taratibu, wa kudakwa na bibi. Nilitazama ule mguu wa kushoto tu. Mguu, mguu, mguu. Haukurudi! Nikasikia "Yangu!" ikipasua uwanja, na Chengo akapanda hewani akauchuma mpira kama anayechuma dafu! Nilitupa magongo yote mawili, mwanangu, nikaruka kwa mguu mmoja, nikaanguka kifudifudi mchangani nikiwa napiga kelele, watu wakadhani nimepatwa na kifafa. Nilipodaka mwenyewe kule Magarini nilifurahi. Hii ya Kibarani ilikuwa kubwa kuliko ile, sikuwa najua kwamba furaha ya namna hiyo ipo. Famau akaja kuniinua, akanipangusa mchanga usoni, akaniuliza polepole, "Sasa unajua kwa nini naendesha baiskeli kuja huku?"

Nikamwambia najua.

Tangu siku ile sijaacha. Makipa niliowafundisha Kakuyuni, Magarini na Malindi ni wengi, wasichana kwa wavulana, na wote utawasikia kabla hujawaona. Famau amekwisha kufariki. Nyale yupo, ana nyumba ya ghorofa, na nguo anazovaa ni nyeupe.

Basi nasaha yangu ni hii, nawe umeanza kufundishwa sasa. Akija mtu akakufundisha kwa moyo, usimtazame mikono tu. Tazama pia anavyokutazama wewe. Tazama anavyouliza kabla ya kusema, na anavyokosea mbele yako. Hayo ndiyo atakayokuachia siku mguu wako utakapovunjika, na utavunjika kwa namna yako, wa kila mtu huvunjika. Siku hiyo usikae ndani ukihesabu waliokuumiza. Wahesabu, mimi nawahesabu, lakini wahesabu ukiwa uwanjani. Mtafute aliyepatwa na hofu ile uliyoponywa wewe, umpe yote, hata kama humpendi. Na akikuuliza ulijifunza wapi, mtaje aliyekufundisha kwa jina, kama mimi ninavyomtaja Famau, mwoka mikate.

Mungu akulinde juu na chini, mwanangu. Akupe sauti ya kuita kabla hujaitiwa. Akupe mtu wa kukubali kupigwa pua kwa ajili yako. Na ukishashiba kwake, akupe na Chengo wako.